Umri wa samaki nao uandikwe dikoni

Mheshimiwa Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme na wavuvi, mabwana diko (wasimamizi wa diko, yaani mahali samaki wanapoteremshwa na kuuzwa), kamati za wavuvi za shehia na Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi juu ya jambo moja tu. Samaki anapoteremshwa hapa Zanzibar, iwe Malindi, Mkokotoni, Kizimkazi, Wesha au Kojani, kinachoandikwa ni aina yake, uzito wake, zana iliyomvua na bei aliyouzwa. Mara nyengine hupimwa na urefu. Umri wake hauandikwi. Na maadamu hauandikwi, kila tunapofunga eneo la bahari lisivuliwe na kila tunapobishana juu ya ukubwa wa jicho la wavu, tunakisia.

Tazameni pweza. Kisiwa Panza, Pemba, na vijiji vyengine hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu, na siku ya kufungua watu hurudi na pweza wakubwa. Siri yake ni umri. Pweza wetu wa mwambani huishi mwaka mmoja na kitu, kwa hiyo miezi mitatu kwake ni kama robo ya maisha, na katika robo hiyo hukua upesi mno. Mtu akiuchukua utaratibu huo huo, kwa muda huo huo, akautumia kwa chewa, hapati kitu. Wapo chewa wakubwa wa miambani wanaoishi miaka 30 na zaidi, na huchukua miaka kadhaa ndipo wazae mara ya kwanza. Kwa miezi mitatu chewa mchanga ataongeza sentimita chache, kisha siku ya kufungua ataingia kwenye dema, mtego wa samaki, hajawahi kutaga hata yai moja. Muda wa kufunga hutokana na umri wa anayefungiwa, na umri wa changu, chewa, tasi na janja wa bahari hii tumekuwa tukiuazima kutoka kwa waliopima bahari nyengine.

Urefu peke yake hautoshi, na wengi ndipo wanapoteleza. Samaki hukua haraka ujanani, kisha akishaanza kuzaa chakula chake kingi huenda kwenye mayai na urefu hupunguza mwendo. Matokeo yake changu wawili wa sentimita 30, waliolala ubavu kwa ubavu kwenye sinia moja, mmoja anaweza kuwa na miaka minne na mwenzake kumi. Ukiwapima kwa ubao utawaita ndugu.

Umri wenyewe umo kichwani mwa samaki. Kila samaki mwenye mifupa ana jozi tatu za vijiwe vya sikio, vya chokaa ngumu, vinavyomsaidia kusikia na kusimama sawa majini. Jozi kubwa ndiyo inayotumiwa. Anayependa supu ya kichwa cha changu anavijua: ni vile vijiwe vyeupe vinavyogonga meno na kutemwa. Kijiwe hicho huongezewa tabaka kila siku tangu samaki ni mchanga, na mwili hauwezi kulinyonya tena tabaka hilo hata samaki akikaa na njaa. Magamba hayana sifa hiyo. Gamba huanguka likaota jengine lisilo na kumbukumbu, na kwa samaki mzee huacha kukua kabisa, hivyo mwenye kusoma magamba humpunguzia mzee miaka.

Kusoma vijiwe si jambo jipya. Mjerumani Johannes Reibisch alizisoma pete za mwaka katika vijiwe vya samaki tangu 1899, na mwaka 1971 Giorgio Pannella akaonesha kwamba ndani yake mna hata pete za siku moja moja. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba samaki wa bahari za joto hawaweki pete za mwaka kwa kuwa hawapati baridi. Dhana hiyo imeshaanguka. Maji yetu yenyewe hushuka hadi nyuzi 25 hivi katika kusi, mwezi wa Agosti, na kupanda hadi 29 au 30 mwezi wa Machi, na tofauti hiyo, pamoja na misimu ya chakula na ya kuzaa, inatosha kuacha alama. Mwaka 2020 watafiti wa Australia walitangaza samaki wa jamii ya kungu na janja, aliyevuliwa katika miamba ya Rowley Shoals, mwenye umri wa miaka 81. Na katika miamba ya Great Barrier Reef, huko huko Australia, kuna kisamaki ambaye maisha yake yote hayazidi siku 59. Wote wawili ni wakaazi wa matumbawe. Nani angewatambua kwa rula?

Sasa kazi yenyewe, maana hapa ndipo mambo huharibika.

Tatizo la kwanza dikoni ni kichwa. Samaki wetu huuzwa mzima, na kichwa cha changu au chewa ni kitoweo cha watu. Ukikipasua kwa juu, mchuuzi ana haki ya kukasirika. Ipo njia ya kupitia matamvua ambayo haimuachi samaki na alama ya kuonekana. Mlaze chali, inua kifuniko cha shavu, kata matamvua pale yanapoungana na fuvu na uyasukume pembeni. Kwangua nyama na utando kwenye sakafu ya fuvu, mbele kidogo ya pingili ya kwanza ya uti wa mgongo. Utauona mfupa umevimba kama tumbo la kijiko. Mfupa huo ni mwembamba. Ufungue kwa ncha ya kisu kikali, au kwa patasi ndogo kwa samaki mkubwa, ukikata kwa kina kidogo kidogo. Kisu kikizama kwa nguvu huvunja kijiwe, na kipande kinachopotea aghalabu ndicho chenye kiini. Ndani vimo vijiwe viwili, kimoja kila upande, vimevikwa mfuko mwembamba unaong'aa. Vishike kwa kibano pembeni, si katikati, na vyote viwili vitolewe, kwa kuwa kimoja kikiharibika wakati wa kukatwa kipo cha pili. Kifuniko cha shavu kikirudishwa, samaki anarudi mnadani. Mikono iliyozoea humaliza samaki mmoja kwa dakika mbili au tatu. Samaki wadogo sana, wale wa chini ya kiganja, ni afadhali wanunuliwe na kupasuliwa kwa juu.

Mwezi wa Ramadhani tusitarajie mengi. Bei imepanda, mchuuzi ana haraka ya kuwahi futari, na hakuna wa kumngojea mtu na kibano. Anayepanga sampuli za mwaka atenge fedha za kununua samaki mwezi huo.

Baada ya kutolewa, kijiwe kisuguliwe kwenye maji safi mpaka utando wote utoke, kikaushwe kivulini, kisha kitiwe kwenye bahasha ndogo ya karatasi au kichupa kikavu. Utando ukibaki huoza, huota ukungu na kukifanya kijiwe kiwe cheupe kama chaki, na pete hazisomeki tena. Na kosa linaloua mkusanyo mzima ni kuhifadhi vichwa au samaki wazima katika formalini. Dawa hiyo hugeuka asidi taratibu, na asidi hula chokaa. Baada ya miezi utafungua chupa ukute samaki yupo, kijiwe hakipo. Kama lazima ahifadhiwe ndani ya maji ya dawa, atiwe kwenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi.

Juu ya bahasha paandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hukimbia ukipata maji ya chumvi. Yaandikwe namba ya samaki, tarehe, diko, mahali alipovuliwa, zana, urefu kwa milimita, uzito kwa gramu, jinsia na hali ya mayai. Urefu upimwe juu ya ubao, mdomo umefungwa, na ijulikane umepimwa mpaka penye panda ya mkia au mpaka ncha yake; vipimo viwili vikichanganywa kwenye daftari moja havitenganishiki tena. Futikamba ya fundi cherehani isitumike, kwani hufuata mzunguko wa mwili na kumrefusha samaki. Jinsia isirukwe. Chewa wengi na changu wengi huanza maisha wakiwa majike na baadaye baadhi yao hugeuka madume, hivyo eneo lililomalizwa wakubwa linaweza kubaki na mayai yasiyo na wa kuyarutubisha. Bila jinsia na umri kwa pamoja, hilo haligunduliki.

Halafu kuna majina. Changu si samaki mmoja, ni ukoo, na majina ya Unguja na Pemba hayalingani kila mahali. Aina mbili zikiingia katika kundi moja, mstari wa ukuaji unaotoka ni wa samaki asiyekuwapo baharini. Picha moja ya ubavuni, yenye namba ya samaki pembeni, huondoa ubishi wote.

Sampuli zichukuliwe kwa ngapi? Kwa aina moja, samaki 40 kila mwezi, yaani 480 kwa mwaka, ni mwanzo mzuri. Wagawanywe kwa madaraja ya sentimita mbili mbili ili wadogo na wakubwa wote wawakilishwe, na wale wakubwa kupindukia wachukuliwe kila wanapopatikana, maana wao ndio wanaotuambia mwisho wa maisha uko wapi. Urefu peke yake upimwe kwa samaki wengi zaidi, bila ya kuchagua, kisha jadweli la umri na urefu litumike kuugawa mzigo wote wa diko kwa miaka. Zana zichanganywe: dema huchagua saizi zake, mshipi zake, wavu wa jarife zake. Anayekusanya kutoka kwenye mshipi tu ataamini kwamba bahari haina watoto.

Kusi ndiyo mtihani mkubwa. Pepo zinapokaza, Juni hadi Agosti, vyombo vidogo vya upande wa mashariki haviendi mbali na daftari hubaki na kurasa tupu. Tupu hiyo inaangukia miezi ya maji baridi, ambamo pete inaweza kuwa ndiyo inajiandika. Ushahidi wa kwamba pete ni moja kwa mwaka, si mbili, hupatikana kwa kuutazama ukingo wa kijiwe mwezi hadi mwezi kwa miezi 12 mfululizo: ukingo uwe na giza msimu mmoja na uangavu msimu mwengine, mara moja tu kwa mwaka. Ukiikosa kusi, umekosa nusu ya ushahidi. Kwa hiyo kila diko la mashariki liwe na mwenzake wa upande uliokingika, kama Wesha kwa Pemba. Ushahidi wa pili ni kumchoma samaki hai sindano ya dawa ya oksitetrasaiklini, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wake, na kumfuga kizimbani mwaka mzima. Dawa huacha mstari unaong'aa rangi ya njano chini ya mwanga wa urujuanimno, kisha huhesabiwa pete zilizoongezeka nje ya mstari huo. Samaki wa majaribio hayo asipelekwe sokoni.

Maabara, kijiwe humiminiwa gundi ya epoksi na kukatwa kwa mapana, kupitia kwenye kiini hasa, kipande chenye unene wa milimita 0.3 hivi. Msumeno wa kisu cha almasi ni ghali, lakini si kisingizio. Kijiwe kinaweza kugandishwa kwenye kioo, kikasuguliwa kwa mkono juu ya msasa wa maji namba 600 kisha 1200 mpaka karibu na kiini, kikageuzwa na kusuguliwa upande wa pili. Tukihesabu dakika 20 kwa kila kimoja, vijiwe 480 ni saa 160, siku 20 za kazi za mtu mmoja. Anayesugua kwa pupa hukipita kiini na kuipoteza pete ya kwanza, na asipogundua, kila samaki wake atakuwa mdogo kwa mwaka mmoja.

Kusoma kunataka watu wawili, kila mmoja peke yake, bila ya kuoneshwa urefu wa samaki. Msomaji akijua kwamba samaki ni mkubwa, jicho lake huanza kutafuta pete za ziada. Kila kijiwe kisomwe tena baada ya wiki mbili au zaidi. Mwanga nao hudanganya: ukitokea chini, tabaka zito huonekana jeusi, ukimulika kutoka juu penye kitambaa cheusi, tabaka hilo hilo huonekana jeupe. Wasomaji wawili wakitumia mwanga tofauti watagombana bure. Pete isiyozunguka kijiwe chote ni ya uongo, isihesabiwe. Tofauti baina ya wasomaji ikizidi sana asilimia 5, warudi mezani kwa pamoja kabla ya kuandika chochote.

Faida ya taabu yote hii ni hesabu ambayo mvuvi yeyote anaweza kuifuata. Tuseme katika mzigo wa mwaka tumepata samaki 100 wa miaka mitatu, 60 wa miaka minne, 36 wa miaka mitano na 22 wa miaka sita, wote wa saizi inayonaswa sawasawa na zana. Kila mwaka 40 katika 100 wanapotea. Wangapi wamekufa kwa maradhi na kuliwa na wenzao, na wangapi ni mikono yetu? Umri wa juu kabisa ndio unaojibu. Kwa kanuni inayotumiwa sana, samaki anayefikia miaka 20 hupoteza kwa vifo vya kawaida kiasi cha 27 katika kila 100 kwa mwaka. Tukikosea kusoma tukasema mwisho wake ni miaka 10, kanuni hiyo hiyo itatoa 45. Yaani tutaambiwa kwamba vifo vyote hivyo ni vya kawaida, uvuvi hauna makosa, ongezeni nyavu. Kosa la kuhesabu pete limegeuka ruhusa ya kuvua.

Hilo limeshatokea. Samaki wa kina kirefu wa Australia na New Zealand anayeitwa orange roughy alivuliwa kwa wingi mno wakati watu wakidhani ni wa miaka 20 au 30. Vijiwe vilipokatwa vizuri ikabainika kwamba anapita miaka 100, na mafungu mengi yake yalikuwa yameshaanguka.

Dagaa wana hesabu yao. Maisha ya wengi wao hayafiki hata mwaka, kwa hiyo husomwa pete za siku, kwa hadubini ya kukuza mara 400 na kuendelea, kwenye kijiwe cha milimita moja au mbili. Wachukuliwe wabichi, chombo kinapofika alfajiri ya giza la mwezi, kabla hawajaingia kwenye masufuria ya kuchemshia. Nguru na jodari tunashirikiana na mataifa mengine kupitia kamisheni ya jodari ya Bahari ya Hindi iliyoko Shelisheli. Huko sampuli zetu zichangie, lakini pasiwe mahali pa kuanzia.

Mahali pa kuanzia ni changu doa na tasi. Wanapatikana mwaka mzima, wanavuliwa kwa dema, mshipi na nyavu, na changu doa hutambulikana hata na mtoto wa skuli kwa doa lake jeusi la ubavuni. Madiko mawili Unguja na mawili Pemba yanatosha. Mabwana diko wafundishwe njia ya matamvua, siku tatu za vitendo kwa samaki halisi. Bajeti iwe na kifungu cha kununulia samaki, ili sampuli isitegemee hisani ya mchuuzi. Taasisi ya utafiti wa uvuvi Zanzibar, ZAFIRI, na vyuo vyetu wagawane usomaji, na vijiwe vyote vitunzwe mahali pamoja, pakavu, vikiwa na daftari lake, kwani kijiwe kilichohifadhiwa vizuri leo kinaweza kukatwa upya baada ya miaka 50 na kuulizwa maswali mengine.

Kwa kamati za shehia tuna ombi dogo la tangu sasa, lisilongoja bajeti ya mtu. Mkimpata changu, chewa au kungu mkubwa asiye wa kawaida, mpimeni urefu, mpigeni picha, andikeni mahali na zana, na kabla kichwa hakijaingia chunguni vitoeni vile vijiwe viwili, vioshwe, vikaushwe na vitiwe kwenye bahasha yenye maandishi ya penseli.

Ni sisi,
Wapimaji na wasomaji wa umri wa samaki,
Unguja.